Mbwa Wangu Hakujua Nina Mke

Leo nimesimama mbele ya mama mkwe nikiwa na koti, tai, soksi na boksa. Suruali ilikuwa chini kwenye vifundo vya miguu, na mbwa wangu alikuwa ameshika mguu mmoja wa suruali hiyo kwa meno.

Naandika mwenyewe kabla shemeji yangu Kinuthia hajawaandikia. Yeye ndiye alikuwa na simu mkononi.

Nianze mwanzo.

Wengi wenu mnajua natengeneza friji hapo Ruiru na naishi huku Ngoingwa. Mnajua pia mke wangu, Nyambura, alikuwa Uarabuni akifanya kazi ya nyumba na kulea watoto wa watu. Alienda kwa mkataba wa miaka miwili, ikawa minne. Binti yetu Wambui akaingia shule ya bweni, mimi nikabaki na nyumba.

Nyumba ya mtu mmoja ina sauti yake. Ukiweka kikombe mezani, unakisikia. (Sitaki mnihurumie, nasema tu vile ilikuwa.) Kwa hivyo siku niliyokuta mtoto wa mbwa amelala ndani ya katoni ya friji nyuma ya karakana, sikumfukuza. Angetoshea kwenye kofia. Nikamwita Kadogo. Siku hizi ana uzito wa mbuzi wa Krismasi, na jina limebaki lile lile.

Kadogo alinilea mimi, si mimi niliyemlea. Nikichelewa kuamka, anavuta blanketi. Nikinyamaza sana jioni, anakuja kuweka kidevu kwenye goti langu na kushusha pumzi kama mzee aliyechoshwa na siasa. Chakula tulikuwa tunakula pamoja. Yaani, napika, naonja, namwekea yeye.

Shida yake ilikuwa moja tu, simu. Nyambura akipiga video, Kadogo anakuja kusimama katikati yangu na simu. Nikiisogeza kushoto, naye kushoto. Anasukuma mkono wangu na pua, anabweka, halafu anakalia mguu wangu kabisa. Siku moja alilamba skrini akakata simu tukiwa katikati ya maneno. Nyambura alikuwa akicheka kule aliko. "Mke mwenza ameamkaje leo?" ananiuliza. Nami nacheka. Tulicheka hivyo miaka yote.

Jana asubuhi Nyambura akarudi.

Nilikuwa nimejipanga. Nilijiambia, nikimwona tu pale uwanja wa ndege nitamkumbatia mpaka watu watupishe njia. Basi akatoka na sanduku lake. Uso umejaa kidogo. Amevaa miwani ambayo kwa simu sikuwahi kuiona. Nikamnyooshea mkono.

"Habari ya safari," nikasema.

"Nzuri," akasema. "Habari ya hapa?"

Tukasalimiana kama watu wawili wanaongoja huduma kwenye benki. Nikachukua sanduku. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya miaka minne yote.

Tulipofika nyumbani, Kadogo alinirukia langoni kama kawaida. Halafu akamwona Nyambura. Nywele za mgongo zikasimama. Nyambura, maskini, akainama, akafungua mikono, akasema, "Kadogo wangu," kwa ile sauti yake ya kwenye simu. Kadogo akanguruma kutoka tumboni. Mimi nikampigia kelele mbwa. Akalala chini, akatambaa mpaka kwenye sanduku la Nyambura, akalikojolea huku ananiangalia mimi machoni.

"Si mbaya," Nyambura akasema. "Ni plastiki, itaoshwa." Lakini alikuwa ameshika miwani yake kama mtu ambaye hajui aweke mikono wapi.

Mchana wote ukaenda hivyo. Nyambura akikaa kando yangu kwenye kochi, Kadogo anapanda, anajibana katikati yetu na kumpa mgongo. Nyambura akinipa chai, Kadogo anasukuma kiwiko chake. Kikombe cha kwanza kiliishia kwenye shati langu. Kikombe cha pili Nyambura alikiweka mezani mbali, akanionyesha kwa kidole.

Nikatoka nje nikampigia daktari wa mifugo, mama mmoja wa Ruiru ambaye humchanja Kadogo. Nikamweleza. Hakucheka, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi.

"Huyo mbwa anaogopa," akaniambia. "Ameishi akijua kwamba ile sauti ikija, wewe unamsahau. Sasa sauti imekuja na miguu."

"Nifanye nini, daktari?"

"Kwanza, usimgombeze akinguruma. Kunguruma ni kuongea. Ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine atauma bila kukwambia kitu. Pili, usimsukume mbwa kando mama wa nyumba akikaribia. Fanya kinyume. Mama akija, mambo mazuri yaje naye. Chakula atoe mama. Matembezi muende watatu. Mama asimwinamie, asimwangalie machoni, asilazimishe urafiki. Itachukua muda."

"Kesho nina wageni. Wakwe wanatoka Mugutha."

"Basi mpe mfupa pale pale anapolala kila siku, na mlango uwe wazi. Usimfungie mahali hajazoea. Hasa siku kama hiyo."

Nikasema asante daktari, nimeelewa. (Nilikuwa nimeelewa. Shikeni hiyo.)

Wakati wa kulala, Kadogo alikaa nje ya mlango wa chumba akalia. Si kubweka, kulia. Nyambura alikuwa amekaa upande wake wa kitanda, bado na nguo za safari, anasikiliza. Mwishowe akasema, "Enda ukae naye. Majirani watafikiri tunaua mtu." Nikachukua blanketi. Mke wangu amerudi baada ya miaka minne, na mimi nimelala kwenye kochi nimekumbatia mbwa. Nilimsikia Nyambura akijigeuza ng'ambo ya ukuta. Nadhani naye alinisikia.

Leo asubuhi tukajaribu maneno ya daktari. Nyambura akaweka ugali na vipande vya maini kwenye sahani ya Kadogo, akaiteremsha polepole bila kumwangalia. Vizuri kabisa, kama alivyoambiwa. Kadogo akanusa. Akaiangalia sahani, akaniangalia mimi, akaja kusimama nyuma ya miguu yangu.

"Hataki chakula kutoka kwangu," Nyambura akasema.

"Atazoea."

"Eeh. Atazoea." Aliiacha sahani pale, akaenda kumenya viazi vya kuponda mukimo wa wageni, na akamenya vingi kuliko wageni tuliowaalika.

Baadaye akafungua sanduku, akanitolea suti. Ya bluu, nzuri, kitambaa kizito. "Vaa hii leo wakija," akasema. "Nilitafuta sana saizi yako." Nikaenda kuivaa chumbani. Koti lilikaa kama limetundikwa kwenye mlango. Suruali niliweza kuingiza ngumi zote mbili kiunoni na nikabaki na nafasi ya kiazi. Sasa ningefanyaje? Mtu amebeba nguo kutoka ng'ambo. Nikachukua mshipi wangu, nikautoboa shimo jipya na msumari, nikaufunga mpaka pumzi ikawa fupi. Nikatoka.

"Inakutosha?" akaniuliza.

"Kabisa," nikasema. "Kama nilipimwa."

Alinizunguka mara moja akiangalia. Alinyoosha kola tu, Kadogo akanguruma, naye akaondoa mkono.

Wageni walipopiga simu kwamba wako karibu, niliingiwa na wazimu. Nilifikiria mama mkwe anangurumiwa mlangoni. Nilifikiria shangazi wawili wa Nyambura, nguo zao za kanisa, sanduku la jana. Nikamshika Kadogo kwenye ukosi, nikamfungia kwenye stoo ya makaa nyuma ya jikoni, nikafunga kipete cha mlango na waya. Yaani, kile kile nilichoambiwa nisifanye, na siku ile ile niliyoambiwa.

Wakaja. Mama mkwe mbele, mnyoofu, leso ya kujifunga mabegani. Kinuthia, ndugu yake Nyambura, nyuma na kreti ya soda. Halafu wale shangazi wawili, ambao hata habari za asubuhi huanza kwa wimbo. Mama mkwe alimshika binti yake uso kwa mikono miwili akakaa hivyo. Nyambura akawa mdogo ghafla, kama Wambui. Nikaangalia pembeni.

Tukaketi. Shangazi mmoja akaomba, maombi marefu, akaishukuru ndege kwa jina la kampuni. Kadogo akaanza kulia stoo. Shangazi akaongeza sauti. Kadogo naye akaongeza.

"Nini hiyo?" mama mkwe akauliza baada ya amina.

"Mbwa tu, Mama."

"Mbona analia kama mtu amefiwa?"

Nyambura alikuwa anaangalia mikono yake.

Hapo ndipo Kinuthia akasimama na simu. "Mimi nataka picha," akasema. "Baba Wambui, simama na mke wako. Mkumbatie vizuri, hii ni ya kumtumia Wambui shuleni."

Tukasimama katikati ya sebule. Sisi tulijua, wao hawakujua, kwamba tulikuwa bado hatujakumbatiana. Hata mara moja. Nyambura akaangalia chini akatabasamu kwa aibu, kama zamani alipokuwa akiuza maua ya shamba pale barabarani nami najifanya napita tu. Akaweka mkono begani kwangu. Nikamshika kiuno. Alikuwa ananukia manukato ya kigeni na, chini yake, vitunguu. Hapo ndipo kwanza nikahisi amerudi. Nikafumba macho.

Waya wa stoo ukakatika.

Kumbukumbu yangu ya baada ya hapo ni vipande. Kitu kizito kinakuja kupitia jikoni. Sufuria inaanguka. Shangazi anamwita Mungu, "Ngai!" Kadogo, mweusi wa makaa kutoka pua hadi mkia, anajipenyeza katikati yetu kama kabari, ananguruma, anaona hatuachani, anashika suruali yangu hapa juu ya goti na kuvuta kwa nguvu zake zote kunitoa pale. Hakumgusa Nyambura. Alikuwa ananivuta mimi, nyumbani kwake, kwenye kona yake.

Mshipi ukakatika pale pale nilipotoboa na msumari.

Suruali haikuteremka. Ilidondoka.

Nilikuwa na mikono yote kwa mke wangu, na nilichelewa kujua nianze kufunika wapi. Shangazi wote wawili walikuwa wamegeukia ukuta, pamoja, kama waliofanya mazoezi. Kinuthia alikuwa bado ameinua simu na mdomo wazi. Boksa, kwa taarifa yenu, ilikuwa safi. Hilo naomba liandikwe mahali.

"Kinuthia," mama mkwe akasema bila kupandisha sauti. "Zima hiyo kitu."

Kisha akatoa leso mabegani mwake, akageuza uso dirishani, akaninyooshea. "Jifunge, mwanangu."

Nikajifunga leso ya mama mkwe. Ilikuwa na maua. Nikaokota suruali na kumshika mbwa, nikavuka sebule kuelekea chumbani, koti na tai juu, maua chini. Nyuma yangu nikasikia shangazi mmoja akisema kwamba zamani jambo kama hili lilihitaji mbuzi. Mwenzake akasema mbuzi mmoja hatatosha.

Nikakaa kitandani. Kadogo akakaa juu ya mguu wangu, anatetemeka. Sikumgombeza. Sikuwa na nguvu hiyo.

Nyambura akaingia akafunga mlango. Nilidhani atakuwa anacheka, na nilikuwa tayari kucheka naye. Alikuwa analia.

"Samahani," nikasema. "Nimewaharibia siku."

"Si hiyo." Alichukua suruali, akaitandaza kitandani, akaipima kiuno na kiganja chake, mara moja, mara mbili. "Nilinunua hii nikikumbuka vile ulikuwa. Nilisimama dukani nikafumba macho, nikapima na mikono, hivi." Akanionyesha, mikono imezunguka hewa. "Nilikuwa na uhakika."

"Nimekonda kidogo tu."

"Si kidogo. Kwa simu ulikuwa unanionyesha uso peke yake." Akaketi mwisho wa kitanda, mbali. "Ulikuwa unakula?"

"Nilikuwa nakula."

"Na nani?"

Nikamwangalia Kadogo. Nyambura pia akamwangalia. Akatikisa kichwa.

"Huyu mbwa anakujua kuliko mimi," akasema. "Mimi hapa ndio mgeni. Hata yeye ameona."

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kupata neno zuri. Nilichosema ni, "Mimi pia sikujua una miwani."

Akacheka kidogo, na kicheko kikageuka. Akalia vizuri sasa, na katika kulia akaniambia kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu. Kule alikuwa na mvulana. Alimpokea akiwa mchanga, akamlea mpaka anaongea. Baadaye akazaliwa mdogo wake. Kila Nyambura alipombeba yule mdogo, mkubwa alikuja kukaa juu ya mguu wake, hivi hivi, asitembee.

"Sikumfukuza," akasema. "Nilikuwa nampa kazi. Nishikie kitambaa. Nipe chupa. Akawa msaidizi wangu. Akaacha kumfinya mdogo."

"Ulimuaga?"

"Waliniambia nitoke akiwa amelala." Alifuta miwani na mwisho wa blauzi. "Sasa ameamka mara mbili tangu nitoke. Sijui anamwuliza nani niko wapi."

Mimi nilidhani mke wangu amerudi kutoka kazini. Sikujua ametoka nyumbani kwa mtoto. Nikataka kusogea karibu naye. Kadogo akanguruma, kidogo, bila moyo. Nikabaki mahali nilipo, nikanyoosha mkono tu juu ya blanketi. Nyambura akanyoosha wake. Vidole vikafikiana.

"Usimfukuze," akasema.

"Simfukuzi."

Akatoka, akarudi na vipande vya nyama ndani ya kisosi. Hakuketi kitandani. Aliketi sakafuni, na gauni lake la wageni, akamgeuzia Kadogo ubavu wake, akaangalia ukuta. Akaanza kuongea naye, si ile sauti ya simu, ni sauti ya chini ya mtu anayefua nguo. "Sikukuja kukunyang'anya mtu," akamwambia. "Umemtunza. Mimi nisingeweza kumtunza nikiwa kule. Asante, mwaya." Akatupa kipande kimoja katikati. Akangoja. Nje Kinuthia alikuwa anauliza kama mukimo unaweza kupakuliwa, mama mkwe anamwambia anyamaze.

Kadogo alikaa sana. Halafu akateremka mguuni kwangu, akanyoosha shingo kuliko mwili, akachukua nyama, akarudi kwenye mguu wangu kuitafunia hapo. Kipande cha pili alikifuata hatua zaidi. Cha tatu alikitoa mkononi mwa Nyambura, haraka, kama anayeiba.

Hakumruhusu kumgusa. Niseme ukweli, leo hakumruhusu.

Tulirudi sebuleni, mimi na suruali yangu ya kazini. Hakuna aliyenitazama chini ya shingo. Tukala. Kadogo akalala kwenye gunia lake la kawaida, mlango wazi, mfupa mbele yake, na hakuna aliyemsikia tena. (Daktari, kama unasoma, najua.) Wakati wa kuondoka mama mkwe alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Leso baki nayo," akasema. "Na huyo mbwa msimtoe. Binti yangu akiwa mbali, kuna mtu alikuwa anakuangalia."

Sasa ni jioni. Nyambura amelala kwenye kochi na miwani yake usoni, kichwa kwenye paja langu la kulia. Kadogo amelala sakafuni, kidevu juu ya mguu wangu wa kushoto, na makaa yake yote. Mkono mmoja uko kwa huyu, mwingine ulikuwa kwa yule mpaka nilipouiba kuandika haya. Wote wawili wanakoroma.

Mkitaka kucheka, chekeni. Naomba tu mcheke polepole, kuna watu wamelala hapa.